Maana ya mawasiliano ya wakati wa janga

Uhusiano wa umma ni kazi ya kila siku ya kujenga maelewano kati ya kampuni na watu wanaoguswa na shughuli zake. Mawasiliano ya wakati wa janga ni sehemu ya kazi hiyo inayohusu saa na siku ambazo jambo limeharibika, watu wamepata madhara au wamo hatarini, na kampuni inalazimika kusema kabla haijajua kila kitu. Wengi huyachukulia kuwa ufundi wa kusafisha jina. Kwa maoni yangu kosa huanzia hapo, kwa kuwa shabaha ya kwanza ni usalama wa watu.

Mwishoni mwa Septemba 1982, watu 7 katika eneo la Chicago, Marekani, walifariki baada ya kumeza Tylenol, dawa ya kutuliza maumivu, iliyokuwa imetiwa sumu ya sayanidi. Sumu haikutoka kiwandani, na kampuni ya Johnson & Johnson, iliyomiliki dawa hiyo, ingeweza kujitetea kwa hilo tu. Badala yake iliwaonya watu nchi nzima wasiitumie dawa hiyo, ikaondoa madukani chupa zipatazo milioni 31, na ilipoirudisha sokoni iliifunga kwa namna ambayo mnunuzi angeona mara moja kama imeguswa. Maneno yake yaliaminika kwa sababu watu waliona rafu zikiwa tupu.

Kinyume chake kilionekana katika Ghuba ya Mexico. Tarehe 20 Aprili 2010 mtambo wa Deepwater Horizon, uliokuwa ukichimba kisima cha kampuni ya mafuta ya BP, ulilipuka. Wafanyakazi 11 walikufa na mafuta yakavuja kwa siku 87. Umma uliambiwa kwanza kwamba yanavuja mapipa 1,000 kwa siku, kisha 5,000, ilhali makadirio ya baadaye ya wanasayansi wa serikali yalipita 50,000. Kwa mvuvi wa Louisiana, jimbo lililo kando ya ghuba hiyo, aliyezuiwa kuvua, tarakimu hizo hazikuwa jambo la kitaalamu la mbali, kwani ndizo alizozitegemea kupima kama angerudi majini baada ya wiki chache au angetafuta riziki nyingine. Mwishoni mwa Mei mkurugenzi mkuu wa BP, Tony Hayward, alipokuwa akiomba radhi, aliongeza kwamba naye alitaka maisha yake yarudi, kauli iliyoziumiza familia za waliokufa na ambayo baadaye aliiombea radhi. Mnamo Novemba 2012 BP ilikubali kukiri mashtaka kadhaa, likiwemo la kulizuia Bunge la Marekani kupata ukweli kuhusu kiasi cha mafuta.

Kiutendaji, kampuni huteua msemaji mmoja anayeeleza kilichothibitishwa, kisichojulikana bado, na hatua ambazo watu wachukue sasa hivi. Taarifa kwa wanahabari haitoshi kwa wanaoishi jirani na kiwanda. Hao wanahitaji kuambiwa kwa lugha yao, katika mkutano wa hadhara au redio ya jamii, kama maji ya kisima yananyweka na kama watoto waende shule, tena na mtu wanayemfahamu tangu kabla ya ajali. Msemaji akiahidi kurudi saa kumi jioni, inampasa arudi saa kumi, hata kama jipya pekee ni kwamba uchunguzi unaendelea.