Fedha za mazingira Dodoma: lipia ulinzi wa visiki kabla ya miche

Maandiko mengi ya miradi ya mazingira yanayoandikwa kwa ajili ya vijiji vya Dodoma yana mstari mmoja unaofanana: kuotesha na kupanda miche, kwa maelfu. Wafadhili wanaupenda kwa sababu miche inahesabika na inapigika picha. Mimi huomba kwanza tufanye hesabu ya maji. Huku kwetu mvua ni kama milimita 500 hadi 600 kwa mwaka, na karibu yote inanyesha kati ya Desemba na Aprili. Mche uliopandwa Januari unaingia kiangazi cha Mei ukiwa bado mchanga, mizizi iko juu juu. Ukiumwagilia lita 10 kwa wiki hadi mvua zirudi, wiki kama 28, umetumia lita 280. Miche 1,000 ni lita 280,000, yaani mapipa 1,400 ya lita 200. Atayachota nani, kwa punda wa nani, kutoka kisima kipi? Bajeti ikikaa kimya hapo, miche hiyo imeshakufa kwenye karatasi.

Wakati huohuo shamba lilelile limejaa visiki vyenye uhai. Mgunga au mkwaju uliokatwa miaka kumi iliyopita bado una mizizi mirefu ardhini, na kila masika unachipua. Kila mwaka mkulima anayafyeka machipukizi hayo anapoandaa shamba, au mbuzi wanayamaliza. Kuyalea hadi yawe miti ndiyo njia tunayoiita Kisiki Hai. Tony Rinaudo, mtaalamu kutoka Australia, aliieneza Niger miaka ya 1980, na hapa Dodoma shirika la LEAD Foundation pamoja na Justdiggit la Uholanzi wamekuwa wakiwafundisha wakulima tangu 2018. Haihitaji kitalu wala maji ya kumwagilia. Inahitaji panga kali, kitambaa na makubaliano.

Kazi yenyewe ni hii. Chagua kisiki chenye machipukizi yenye afya. Acha matatu tu, yaliyonyooka na manene, yakiwa yameachana ili yasigombanie mwanga. Mengine yakate karibu kabisa na kisiki. Kwa yale uliyobakiza, pogolea matawi ya chini hadi nusu ya urefu, usizidishe, maana majani ya juu ndiyo yanayolisha mti. Kata kuanzia chini kwenda juu, kwa mshazari. Ukikata kutoka juu, tawi linaanguka na kuchana gome, na pale palipochanika ndipo wadudu na kuoza vinapoanzia. Matawi ya miiba uliyoyatoa yapange kuzunguka kisiki: huo ndio uzio. Kisha funga kitambaa cha rangi kwenye shina, ili kila anayepita, mchungaji au kibarua wa kulima, ajue mti huu una mwenyewe. Rudi baada ya miezi michache ukaondoe machipukizi mapya. Shambani, ukiacha mita 10 kati ya mti na mti unapata kama miti 40 kwa ekari, na mtama au uwele unaendelea kulimwa katikati.

Inaposhindikana, mara nyingi ni nyakati mbili. Ya kwanza ni baada ya mavuno, Juni na Julai, mashamba yanapofunguliwa mifugo ile mabua. Mabua yakiisha, mbuzi wanahamia kwenye machipukizi. Ya pili ni Oktoba na Novemba, wakati wa kusafisha mashamba: kibarua aliyelipwa kwa ekari anafyeka kila kitu, kisha takataka zinachomwa na moto unamaliza kilichobaki. Hatari nyingine huja polepole. Shina likishafika unene wa mkono linafaa kwa fito na mkaa, na asiye na haki iliyoandikwa juu ya mti huo ana sababu ya kuukata kabla jirani hajamtangulia.

Ndiyo maana sehemu muhimu kuliko zote katika bajeti ni sheria ndogo za kijiji, na ndiyo sehemu inayopewa fedha kidogo kabisa. Halmashauri ya kijiji inaandaa rasimu, mkutano mkuu wa kijiji unaijadili na kuipitisha, kisha inapelekwa halmashauri ya wilaya ili baraza la madiwani liidhinishe. Baraza halikai kila wiki. Ukikosa kikao kimoja unasubiri kingine, na mradi wa miezi kumi na minane unaweza kufungwa kabla sheria haijapata nguvu. Rasimu iseme wazi mifugo iingie lini na ipite njia ipi, nani anaruhusiwa kuvuna fito na kwa kiasi gani, faini iende wapi. Wafugaji wakae kwenye kikao hicho tangu siku ya kwanza.

Hili mkoa wetu umeshalipitia kwa ukubwa. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza 1973 kwa fedha za Uswidi. Mwaka 1979 mifugo ipatayo 90,000 iliondolewa katika eneo la kilomita za mraba 1,256 la milima ya Irangi, Kondoa, lililokuwa limekatwakatwa na makorongo. Uoto ulirudi, tena sehemu kubwa kwa kuchipua wenyewe. Lakini ilikuwa amri, na waliobeba gharama ni wenye mifugo. Ufadhili ulipokoma katikati ya miaka ya 1990, walinzi wakapungua na mifugo ikaanza kurudi. Ardhi ikipumzishwa inapona, hilo HADO ilithibitisha mbele ya macho yetu. Ulinzi unaotegemea mshahara wa mfadhili unaondoka na mfadhili.

Kwenye miteremko, Kisiki Hai peke yake hakitoshi, panahitajika makinga maji. Mfereji wa fanya juu, ambao udongo wake hutupwa upande wa juu kuwa tuta, wenye upana na kina cha sentimita 60 unatoa udongo wa mita za ujazo 36 kwa kila mita 100. Mtu akichimba mita za ujazo 2 kwa siku, hizo ni siku-kazi 18. Ziandikwe hivyo, badala ya kuandika "nguvu ya wananchi". Kontua, yaani mstari wa usawa unaokata mteremko, ipimwe kwa fremu A, miti mitatu iliyofungwa kama herufi A na uzi wenye uzito unaoning'inia toka kileleni, na fremu yenyewe ihakikiwe kwanza: isimamishe, weka alama uzi unapogusa mti wa kukingama, igeuze miguu ibadilishane nafasi, weka alama ya pili, usawa uko katikati ya alama hizo. Tuta likiwa na bonde dogo hata mahali pamoja, maji yote yanakimbilia pale, yanalivunja, na umechimba korongo jipya kwa fedha za msaada.

Milango ya fedha ipo. NEMC, Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, iliidhinishwa kupitisha fedha za Mfuko wa Kuhimili Mabadiliko ya Tabianchi, benki ya CRDB iliidhinishwa na Mfuko wa Kijani wa Tabianchi mwaka 2019, na vikundi vidogo vinaweza kuomba ruzuku ndogo za GEF, Mfuko wa Mazingira Duniani, kupitia UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa. Popote unapoomba, panga kwa kalenda ya Dodoma. Fedha zikiingia Machi, tumia Aprili na Mei kwa mikutano ya sheria ndogo, ulinzi uanze Juni, mafunzo ya kupogolea yamalizike kabla ya Oktoba. Weka fungu la ufuatiliaji la miaka mitatu. Pima viwanja vya mita 50 kwa 50, hesabu visiki vyenye kitambaa na mashina yaliyo hai kila Novemba, mashamba yakishasafishwa, na malipo ya mwisho kwa mtekelezaji yatoke baada ya hesabu ya Novemba ya tatu.