Je, wajua kwa nini mstari mmoja wa orodha hukataa kubadilika rangi peke yake?

Tuseme unaandika programu ya kutunza kazi za ofisini. Dirisha lina orodha ya kazi kumi, na tatu kati yake zimepitwa na tarehe. Unataka hizo tatu zisomeke kwa rangi nyekundu na wino mzito, nyingine zibaki kama zilivyo. Unafungua sifa za ile orodha, unakuta pameandikwa ForeColor, yaani rangi ya herufi, unaweka nyekundu. Orodha nzima inageuka nyekundu, zilizochelewa na zisizochelewa. Unatafuta sifa ya rangi ya mstari wa nne peke yake. Huioni, na hutaiona hata ukikesha.

Kompyuta hiyo hiyo inaonyesha video bila kutoa jasho. Kupaka mstari mmoja rangi kunaishindaje?

Ukweli ni kwamba kwa orodha hiyo, mstari wa nne haupo. Yapo maneno yake, ipo nafasi yake, lakini hakuna kitu kinachoitwa mstari ambacho unaweza kukishika na kukipaka rangi. Nazungumzia hapa ListBox, kisanduku cha orodha cha Windows ambacho mpaka leo kimejaa kwenye programu za mezani. Kitufe cha Windows ni dirisha dogo linalojitegemea. Orodha nayo ni dirisha, ila ni moja tu, hata iwe na mistari elfu tano. Ndani yake imetunza maneno ya kila mstari, pamoja na namba moja kwa kila mstari ambayo mwandishi wa programu anaweza kuitumia apendavyo. Fonti ni moja kwa wote. Rangi nayo huulizwa mara moja kwa orodha nzima.

Ubahili huu ulikuwa na sababu. Windows 1.0 ilitoka mwaka 1985 ikihitaji kumbukumbu ya kilobaiti 256, yaani ndogo kuliko picha moja ya simu ya leo. Kuupa kila mstari dirisha lake, fonti yake na rangi yake kungeimeza mashine nzima. Kwa hiyo orodha ikawa mchoraji mmoja mwenye brashi moja: anatazama ni mistari ipi inayoonekana kwa sasa, anaiandika kutoka juu kwenda chini, basi. Ukisogeza orodha, anaandika upya. Mistari iliyojificha chini hajaichora kabisa.

Hata unapobofya, orodha hupiga hesabu tu. Kama kila mstari una kimo cha pikseli 16 nawe umebofya pikseli 70 kutoka juu, inagawa 70 kwa 16, inapata 4 na masalio. Kwa kuwa hesabu huanzia sifuri, umechagua mstari wa tano. Ikiwa orodha imesogezwa, inajumlisha mistari iliyopita juu. Mstari umegeuka kuwa jibu la hesabu, na jibu la hesabu halina rangi.

Mlango ulifunguliwa na Windows 3.0, mwaka 1990. Badala ya kuiongezea orodha sifa mia moja za rangi na fonti, waliotengeneza mfumo waliamua kukupa wewe brashi. Unaiambia orodha, tangu inapoundwa, kwamba uchoraji utaufanya mwenyewe. Kuanzia hapo, kila mstari unapohitaji kuonekana, orodha hutuma ujumbe kwa dirisha mama lililoibeba: WM_DRAWITEM. Ndani ya ujumbe huo kuna namba ya mstari, mstatili wa mahali pa kuchora, uso wa kuchorea, na hali ya mstari wenyewe: umechaguliwa au la, ndio unaolengwa na kibodi kwa sasa au la. Kabla ya hapo huja ujumbe mwingine, WM_MEASUREITEM, unaouliza kimo. Ukichagua kimo kimoja kwa wote, unaulizwa mara moja tu. Ukichagua vimo tofauti, unaulizwa kwa kila mstari, na hakuna mstari unaoruhusiwa kuzidi pikseli 255.

Kwenye Windows Forms, maktaba ya kutengenezea madirisha iliyomo katika .NET ya Microsoft, kazi hiyo hiyo imevalishwa nguo nadhifu zaidi. Sifa ya DrawMode unaitoa Normal na kuiweka OwnerDrawFixed, halafu unasikiliza tukio la DrawItem. Ndani ya tukio unapaka kwanza rangi ya nyuma, kisha unaangalia kazi ya mstari huo: tarehe imepita? Kama ndiyo, nyekundu na wino mzito. Kama bado, rangi ya kawaida. Unaandika maneno, unamalizia na kile kimstari cha nukta kinachoonyesha kibodi iko wapi. Kuandika maneno, tumia TextRenderer badala ya DrawString. Ya pili hutumia injini nyingine ya kuchora herufi, na mistari yako itaachana kidogo na maandishi mengine ya dirisha. Tofauti ni ya pikseli moja mbili, lakini jicho huiona kabla akili haijajua kasoro iko wapi.

Ukishakabidhiwa brashi, hata yale ambayo orodha ilikuwa ikikufanyia kimyakimya yanakuwa mzigo wako. Ukisahau kupaka rangi ya mstari uliochaguliwa, mtumiaji atabofya, atabofya tena, na kudhani programu imeganda. Ukikumbuka kuipaka lakini ukaacha herufi nyekundu zile zile juu ya bluu ya uchaguzi, hazitasomeka. Mstari uliochaguliwa unahitaji rangi yake ya herufi. Kuna pia mtego wa orodha tupu. Orodha isiyo na kitu ikifikiwa na kibodi, tukio la kuchora bado huja, safari hii likiwa na namba ya mstari -1. Programu inayokimbilia kusoma kazi namba -1 huanguka hapo hapo, na mwenye programu hashangai mpaka siku mteja afute kazi yake ya mwisho.

Wino mzito nao una gharama. Anayeandika kwa Win32, yaani amri za asili za Windows, moja kwa moja, akaunda fonti mpya kila mstari unapochorwa na asiifute, anajaza debe polepole. Windows kwa kawaida huipa programu moja nafasi ya vitu 10,000 vya kuchorea, fonti zikiwemo. Kama inaonekana mistari 12 na kila mmoja unaacha fonti moja, orodha ikichorwa upya mara 833 hivi nafasi imekwisha, na vitufe na maandishi vinaanza kutoweka kwenye madirisha ambayo hayana hatia yoyote. Dawa ni kuunda fonti moja nzito programu inapoanza na kuitumia hiyo hiyo mpaka mwisho.

Si orodha zote zinazodai usumbufu huu. ListView, iliyokuja na Windows 95, ina tabia ya kistaarabu zaidi: inachora yenyewe, lakini kwa anayetaka, husimama katikati na kuuliza kama una neno kuhusu mstari huu. Unaipa rangi au fonti, inaendelea. Kwenye .NET ni rahisi hata zaidi, kwa sababu kila mstari wa ListView una ForeColor na Font yake. Kama unachotaka ni mistari michache yenye rangi, anzia hapo. Sioni sababu ya kuipigania ListBox. Jihadhari tu na sifa ndefu iitwayo UseItemStyleForSubItems. Huja ikiwa imewashwa, na ikiwa imewashwa, safu zote za mstari hufuata rangi ya safu ya kwanza. Unaweza kuipaka safu ya tarehe nyekundu mara kumi, isibadilike, hadi uizime sifa hiyo kwa mstari husika.

Lugha ya Java, kupitia maktaba yake ya madirisha iitwayo Swing, ilichukua njia ninayoipenda kuliko zote. Inatumia muhuri. Kuna lebo moja tu kwa orodha nzima. Kwa kila mstari, orodha inaiuliza programu yako: ivishe lebo hii sura ya mstari huu. Unaiwekea maneno, rangi na fonti, orodha inagonga muhuri kwenye nafasi ya mstari, kisha inaichukua lebo ile ile kwa mstari unaofuata. Mistari elfu tano, lebo moja.

Ila muhuri hubaki na wino. Ukiandika tu kwamba kazi iliyochelewa iwe nyekundu, na usiseme ambayo haijachelewa iwe nini, lebo itabeba wekundu kutoka mstari wa nne kwenda wa tano, wa sita, hadi chini. Kosa hili nimelifanya zaidi ya mara moja, na kila mara nililitafuta kwenye tarehe badala ya kulitafuta kwenye rangi. Kila sharti la kupaka rangi linahitaji mwenzake wa kuiondoa.

Qt, maktaba nyingine ya kutengenezea madirisha, kwa upande wake huliuliza ghala lenye data ya orodha. Kila mstari unapochorwa, ghala huulizwa maswali mafupi: maneno yako ni yapi, fonti ipi, rangi ya herufi ipi. Likinyamaza kwenye swali, kawaida ya mfumo hutumika. Hapo hugusi brashi kabisa.

Limebaki jambo moja linalowasumbua hata wazoefu. Kazi imekamilishwa, data imebadilika, lakini mstari bado ni mwekundu. Unapunguza dirisha, unalirudisha, ghafla mstari ni mweusi. Mchoraji wa ListBox hafuatilii data yako. Huchora anapoambiwa kuna sehemu ya dirisha imechakaa. Baada ya kubadilisha hali ya kazi, mwambie: kwenye Windows Forms ni Invalidate, ukimpa mstatili wa mstari huo pekee ili asichore orodha nzima upya bila sababu.

Na kwenye mstari wa kazi iliyochelewa, andika pia neno "imechelewa". Karibu mwanaume 1 kati ya 12 wenye asili ya Ulaya ya kaskazini hatofautishi vizuri nyekundu na kijani, na programu inayomsomea skrini asiyeona husoma maneno yaliyomo kwenye mstari, haisomi rangi uliyoupaka.