Dawa za msaada wakati wa vita: acheni kutuletea mifuko

"Mfamasia, vita ni vita. Dawa yoyote ni bora kuliko kukosa." Naambiwa hivyo na waumini wanaochanga vidonge kanisani, na ndugu wanaorudi kutoka Ulaya na masanduku, hata na madaktari vijana. Tangu Goma ilipotekwa Januari 2025 na wenzetu wa Kongo wakazidi kuingia Uganda, naambiwa zaidi. Si kweli.

Mfuko wa dawa hizo ukifika hospitalini, lazima mtu aumwage mezani na kuchambua kidonge kimoja kimoja. Karatasi ya vidonge imekatwa, na kipande chenye tarehe ya mwisho na namba ya toleo (kundi la dawa zilizotengenezwa pamoja) kimebaki nyumbani kwa mtoaji. Chupa ya sirapu imeshafunguliwa. Maelezo ni ya Kijerumani. Insulini imesafiri katikati ya nguo, ilhali inatakiwa ikae kwenye nyuzi 2 hadi 8. Kuna dawa za kolesteroli tele, na wodini kuna mtoto mwenye malaria kali anayehitaji artesunate ya sindano. Nesi anayechambua mfuko huo ametolewa wodini kwa mtoto huyo. Mtoaji haoni gharama hiyo, na ndiyo inayoniuma.

Tena haya si mageni. Mwaka 1989, Eritrea ikiwa katika vita vya uhuru, ilipokea malori saba ya aspirini iliyokwisha muda. Kuichoma kulichukua miezi sita. Mwaka uliofuata, kusini mwa Sudan, hapa hapa jirani, ilifika shehena ya masanduku 50 katikati ya vita. Maandishi yalikuwa ya Kifaransa, lugha isiyozungumzwa kule. Ndani mlikuwa na maji ya lenzi za macho na dawa za kuongeza hamu ya kula, kwa watu ambao vita viliwanyima chakula! Masanduku 12 tu ndiyo yalikuwa na kitu cha kusaidia. Bosnia, kati ya 1992 na 1996, ilipelekewa takriban tani 17,000 za dawa zisizofaa, na gharama ya kuziteketeza ilikadiriwa kuwa dola milioni 34. Fikiria pesa hizo zingenunua artesunate kiasi gani. Na huko Lithuania wanawake 11 walipoteza uwezo wa kuona kwa muda baada ya kupewa dawa ya msaada ambayo kumbe ni ya minyoo ya mifugo. Wahudumu walishindwa kuitambua. Anayesema "dawa yoyote" ajibu kwanza hilo.

Kwa sababu ya mambo kama haya Shirika la Afya Duniani lilitoa miongozo ya msaada wa dawa mwaka 1996. Dawa iwe imeombwa au inajulikana kuwa inahitajika; iwe imebakiza angalau mwaka mmoja inapofika; iandikwe kwa lugha wanayoielewa wahudumu wa nchi inayopokea, pamoja na jina lake halisi la kitabibu; na isiwe mabaki ya wagonjwa wengine. Mfuko wa kanisani hukosa karibu yote manne.

Msaada unaofaa wakati wa vita upo, na umepangwa. Kuna kasha la dharura linalotosheleza mahitaji ya msingi ya watu 10,000 kwa miezi mitatu. Kila kilichomo kinajulikana kabla lori halijaondoka, na mhudumu wa kituo cha afya anaweza kukitumia bila kubahatisha. Wewe mwenye moyo wa kutoa, mpigie mfamasia wa hospitali kabla hujanunua chochote, umwombe orodha. Kisha changa pesa, zinunue dawa hapa hapa nchini, kwa mfano Joint Medical Store ya Nsambya, inayohudumia hospitali za misheni tangu 1979. Mara nyingi orodha itaanza na glavu, nyuzi za kushonea na maji ya dripu. Usishangae, toa hivyo hivyo.

Kwa wagonjwa, yapo mengine nisiyotaka kuyasikia tena. Eti dawa ya msaada ni dhaifu, kali ni ya kununua. Mama, ile dawa ya malaria uliyopewa bure kituoni, iliyomponya mwanao, kwa sehemu kubwa hununuliwa kwa pesa za wafadhili. Ya usubi hutolewa bure na kampuni ya Merck tangu 1987, na imewaokoa watu wengi wasipofuke.

Eti tarehe ya mwisho ni ujanja wa wafanyabiashara, kwa kuwa jeshi la Marekani hutumia dawa zilizopita muda. Jeshi hilo huzitunza kwenye maghala yenye ubaridi uliodhibitiwa, zikiwa zimefungwa, na kila toleo hupimwa maabara kwanza. Zako zimekaa chini ya bati au turubai.

Eti dawa zikiisha, daktari kaziuza. Wizi ukiuona, uripoti, na dawa ya serikali ina alama yake. Lakini kasha la watu 10,000 likihudumia watu 20,000, hesabu ni yako.

Na hili la rangi. Msaada hubadilika, kiwanda hubadilika, kidonge cha njano kinakuja cheupe. Mgonjwa anadhani ni dawa nyingine, anakunywa zote mbili. Parasetamoli ya pakiti mbili tofauti ni parasetamoli ile ile, na mtu mzima akimeza zaidi ya gramu 4 kwa siku ini lake liko hatarini. Usitupe pakiti. Njoo nayo dirishani, unioneshe jina, nami nitakuambia kama unayo tayari.