Laptopu ya kazi nzito: ipime ikiwa imeshachoka

Watu wa CAD (uchoraji wa kihandisi kwa kompyuta), wahariri wa video na wanaofanya mahesabu ya uhandisi hununua laptopu kwa kusoma jina la kadi ya michoro. Jina peke yake halitoshi. RTX A2000 ya laptopu, kwa mfano, hupangiwa na mtengenezaji wa mashine nguvu ya kuanzia wati 35 hadi 95. Stika ni ileile, lakini kazi zimepishana mbali. Kwa hiyo mimi huuliza wati kwanza. Muuzaji asipojua, fungua NVIDIA Control Panel upande wa taarifa za mfumo. Kikomo cha nguvu kimeandikwa pale.

Ukishajua kikomo, kagua kama mashine inakifikia na kukaa nacho. Weka laptopu juu ya meza ngumu, chaja yake yenyewe ikiwa imechomekwa, kisha washa HWiNFO, programu ya kusoma joto na wati za mashine, irekodi kwenye faili. Anza na prosesa, maana nayo ina vikomo vyake: endesha Cinebench R23, jaribio la kuibebesha mzigo, ambalo kwa kawaida huenda dakika 10. Mimi huliongeza hadi 30. Alama za sekunde za mwanzo ni danganya toto. Prosesa za Intel zina vikomo viwili vya nguvu: PL2 cha muda mfupi na PL1 cha kazi ya kuendelea, hivyo wati kushuka baada ya muda si hitilafu. Hitilafu ni pale zinaposhuka chini ya PL1 huku joto limeganda kwenye nyuzi 95 hadi 100. Hapo feni na mirija ya kupozea vimeshindwa kazi. HWiNFO ina mstari wa kuonyesha kama prosesa imepunguzwa kasi kwa sababu ya joto, usiuache.

Jaribio linaloumbua mashine nyembamba ni la kubebesha prosesa na kadi ya michoro mzigo kwa pamoja. Mara nyingi viwili hivyo hupozwa na mirija ileile ya shaba, kwa hiyo kimoja kikichemka kinamnyima mwenzake nafasi. Mashine inayopata alama nzuri kwa kila kimoja peke yake inaweza kupoteza sehemu kubwa ya kasi vikifanya kazi pamoja, na kazi halisi ndivyo ilivyo: unatoa video huku madoido yanakokotolewa. Angalia pia joto la chumba. Likipanda nyuzi 5, joto la ndani ya mashine nalo hupanda kwa kiasi kama hicho, basi usilinganishe vipimo vya asubuhi na vya mchana.

Wakati jaribio linaendelea, tupia jicho asilimia ya betri. Ikipungua ilhali chaja imechomekwa, umeme unaoingia ni mdogo kuliko unaoliwa. Hutokea sana mtu anapoacha chaja ya wati 230 nyumbani akategemea doki ya USB-C ya wati 100. Mashine nyingine hazimalizi betri. Hujipunguza kasi kimyakimya, na mwenyewe akadhani programu ndiyo mbovu.

RAM haina mjadala mrefu. Kijiti kimoja badala ya viwili hukata nusu ya upana wa njia ya data, na iliyolehemewa kwenye ubao haiongezwi baadaye, kwa hiyo nunua ya kutosha mapema. SSD usiipime kwa faili dogo: nakili gigabaiti 200 kutoka diski nyingine yenye kasi uone mahali mwendo unapoanguka, yaani pale akiba yake ya haraka inapojaa. Kwa mashine iliyotumika, amri ya Windows ya powercfg /batteryreport hutoa ujazo wa betri wa kiwandani na wa sasa, ulinganishe. Kwa anayerekodi sauti, LatencyMon, programu ya kupima ucheleweshaji unaokatisha sauti, iachwe ikienda saa nzima, Wi-Fi ikiwa imewashwa, maana draiva (programu inayoendesha kifaa) ya Wi-Fi ni miongoni mwa wakorofi wa kawaida wanaokatisha sauti.

Halafu kuna vyeti vya watengenezaji wa programu vya kuthibitisha kuwa mashine inafaa programu yao, ambavyo wauzaji huvipigia debe sana. Vina maana, ila cheti hutolewa kwa modeli fulani ya mashine, toleo fulani la programu na draiva fulani ya kadi ya michoro. Tafuta orodha kwenye tovuti ya programu unayotumia, nakili namba ya draiva, na uzuie Windows isiibadilishe yenyewe. Ukiweka draiva mpya ya michezo kisha michoro yako ya CAD ikaanza kuonekana imekatika kwenye skrini, mtu wa huduma kwa wateja atakuambia urudishe ile ya kwenye orodha kwanza.