Ukarabati unaojali mazingira: maana yake ni nini hasa?

Ukarabati unaojali mazingira ni kazi ya kurekebisha, kuboresha au kupanua nyumba kwa namna inayopunguza madhara kwa hewa, maji, ardhi na afya ya wanaoishi humo, kuanzia kifaa kinapotengenezwa hadi siku kitakapotupwa. Kipande cha mwisho cha maana hiyo ndicho kinachosahaulika zaidi. Mtu akisikia maneno haya hufikiria paneli za sola juu ya paa. Paneli ni jambo jema, ila mara nyingi si pa kuanzia.

Nyumba huchafua mazingira kwa njia mbili, na anayezichanganya huishia kuamua vibaya. Njia ya kwanza ni matumizi ya kila siku: umeme, maji, gesi ya kupikia. Njia ya pili ni uchafuzi uliokwisha kutokea kabla kifaa hakijafika mlangoni kwako, yaani kuchimba malighafi, kuwasha tanuru, kusafirisha. Wataalamu huuita kaboni iliyomo ndani ya vifaa vya ujenzi. Mimi napendelea kuuita deni la kifaa, kwa sababu hata ukikiweka stoo bila kukigusa, hewa ukaa yake imeshatoka. Ukivunja ukuta mzima usio na tatizo ili ujenge mwingine unaopendeza zaidi, umetupa kitu ambacho mazingira yalishakilipia, kisha unakopa upya.

Saruji inalionyesha deni hilo vizuri kuliko kitu kingine chochote. Ili ipatikane, mawe ya chokaa husagwa pamoja na udongo wa mfinyanzi, kisha huchomwa katika tanuru lenye joto la nyuzi 1,450 hivi za Selsiasi. Moto huo unakula mafuta au makaa mengi. Lakini hata tanuru lingeendeshwa kwa nguvu ya jua peke yake, tatizo lisingekwisha, kwa kuwa jiwe lenyewe likichomwa huachia hewa ukaa iliyokuwa imefungwa ndani yake. Zaidi ya nusu ya hewa ukaa inayotokana na saruji hutoka kwenye jiwe, si kwenye moto. Ndiyo maana uzalishaji wa saruji pekee huchangia takriban asilimia 7 hadi 8 ya hewa ukaa yote inayotokana na shughuli za binadamu duniani. Hapo hatujahesabu mchanga wa kuchanganyia, ambao mwingi huchimbwa mitoni na pwani na kuacha kingo zikimomonyoka.

Kwa hiyo kabla hujamwambia fundi amwage zege ua mzima, jiulize ni sehemu gani hasa inayohitaji kuwa ngumu. Njia ya kupita watu na gari inatosha. Kwingine kote acha udongo, nyasi au mawe yaliyopangwa kwa nafasi, maji ya mvua yapate pa kupenya ardhini badala ya kukimbilia mtaroni.

Hapo ndipo ulipo utaratibu wa ukarabati wa aina hii: tunza kilichopo, kikiharibika kitengeneze, kikishindikana tafuta kilichotumika, kipya kiwe cha mwisho. Mlango unaoburuza sakafuni mara nyingi una bawaba zilizolegea tu. Kabati la jikoni lililochakaa linaweza kubaki na mwili wake likabadilishiwa milango na vitasa. Pale pasipo budi kubomoa, kung'oa kwa utaratibu huokoa mengi, ingawa huchukua muda zaidi kuliko nyundo. Tofali lililojengewa kwa chokaa hutoka zima na kusafishika. Lililojengewa kwa saruji mara nyingi hupasuka. Fremu za alumini zisiende kwenye kifusi kamwe: kuyeyusha alumini iliyotumika hutumia nishati pungufu kwa takriban asilimia 95 kuliko kuizalisha kutoka kwenye madini.

Hata hivyo, kutunza cha zamani hakushindi kila mara. Balbu ya zamani ya waya unaowaka ibadilishwe leo hii, usisubiri iungue. Taa ya LED hutumia umeme pungufu kwa angalau asilimia 75 na inaweza kudumu hadi mara 25 zaidi, kwa hiyo deni lake hulipika haraka sana. Vyoo vya kuvuta pia viangaliwe: vingi vya zamani humwaga lita 9 hadi 13 kila mara, vya sasa lita 6 au pungufu. Koki inayodondosha tone moja kila sekunde hupoteza zaidi ya lita 11,000 kwa mwaka, na dawa yake mara nyingi ni kubadilisha kipete kidogo cha mpira kilicho ndani ya koki. Sijui marekebisho mengine ya nyumbani yanayoleta faida kubwa hivyo kwa kazi ndogo hivyo, na bado ndiyo yanayoahirishwa kuliko yote.

Kwa upande wa joto na baridi, anza na nyumba yenyewe kabla ya mashine. Ziba mianya ya milango na madirisha, weka tabaka la kuzuia joto juu ya dari, tia kivuli upande unaopigwa na jua la alasiri. Paa jeupe safi huakisi takriban asilimia 80 ya mwanga wa jua, ilhali jeusi hunyonya karibu wote. Ukishafanya hayo, kiyoyozi au hita utakayohitaji itakuwa ndogo, na pengine hutaihitaji kabisa.

Maneno kama "kijani" na "asilia" kwenye kopo la rangi hayathibitishi kitu yakiwa peke yake. Uliza kifaa kimetengenezwa kwa nini, kinatengenezeka kikiharibika, na kitaishia wapi. Kwa mbao kuna alama ya FSC, shirika lililoanzishwa mwaka 1993 kuthibitisha kwamba misitu inavunwa kwa kuwajibika.

Afya ya wakazi imo ndani ya maana hii, na hapa sina simile. Rangi za zamani huweza kuwa na madini ya risasi, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Mtoto ndiye anayeumia zaidi, kwenye ubongo unaokua. Kupiga msasa mkavu ukuta wa namna hiyo ni kuisambaza sumu chumba kizima. Mapaa na dari za asbesto zisitobolewe, zisikatwe wala zisivunjwe na fundi asiye na mafunzo, kwani nyuzi zake zikivutwa huweza kuleta saratani miaka mingi baadaye. Gundi za baadhi ya plaiwudi na bodi za mbao zilizosagwa hutoa kemikali ya mvuke iitwayo formaldehaidi, nayo pia husababisha saratani. Chagua zenye utoaji mdogo, chagua rangi ya maji yenye mvuke mdogo wa kemikali, na acha madirisha wazi siku kadhaa kabla watu hawajalala humo.

Kifusi nacho kipangiwe mahali kabla nyundo ya kwanza haijapigwa. Tenga sehemu nne tangu asubuhi ya siku ya kwanza: mbao, chuma na alumini, matofali na zege, na vyenye sumu kama makopo ya rangi. Vikishachanganyika na kulowa mvua, hakuna fundi atakayekuwa na muda wa kuvitenganisha, na vyote vitapanda lori moja kwenda jalalani.