Nguvu kulingana sio lazima kitu kisimame

Jamani hii ya "nguvu zimelingana ndo maana kitu hakiendi" imezidi sasa, mpaka kwenye video za tuisheni naisikia. Maana yenyewe ni fupi: nguvu (au kani, kama ulisoma kwa Kiswahili) zote zinazosukuma na kuvuta kitu kimoja zikifutana zikabaki sifuri, hizo zimelingana. Basi.

Shida ni watu wanaruka kutoka nguvu sifuri mpaka mwendo sifuri. Nguvu sifuri maana yake mwendo HAUBADILIKI, kilichosimama kitabaki kimesimama na kilichokuwa kinaenda kitaendelea kwenda, spidi ileile, njia iliyonyooka. Newton alishaliandika hili tangu 1687, sio habari mpya.

Chukua treni ya SGR ya Dar kwenda Dodoma, ikishafika kilomita 160 kwa saa na ikabaki hapohapo kwenye reli tambarare iliyonyooka, mota zinavuta mbele sawasawa na hewa na msuguano vinavyovuta nyuma. Nguvu zimelingana kabisa na treni inachanja mbuga! "Sasa inaendaje?" Inaenda kwa sababu ilikuwa tayari inaenda. Nguvu ya ziada ilihitajika pale inatoka stesheni inachanganya, ikishaipata spidi yake ziada ya nini tena? Zima mota uone, nguvu hazilingani tena, msuguano na hewa vinabaki peke yao na treni inapunguza mwendo. Hapo ndo tunapodanganyika wengi, kila tukiacha kusukuma kitu kinasimama tunadhani kimechoka chenyewe, kumbe kimesimamishwa.

Tone la mvua nalo hivyohivyo. Likianza kudondoka uzito umezidi, spidi inapanda, na upinzani wa hewa unapanda nayo mpaka unaufikia uzito, kuanzia hapo linashuka kwa spidi moja tu, tone kubwa ni kama mita 9 kwa sekunde. Ingekuwa hamna hewa, tone la kutoka kilomita 1 juu lingefika chini na mita 140 hivi kwa sekunde, sijui mabati yetu yangekuwaje.

Kwa hiyo mkisema kitabu kimetulia mezani kwa sababu nguvu zimelingana sibishi, ila malizieni sentensi: zimelingana, na kilikuwa kimeshatulia.