Ulishaji wa nyongeza: maana yake kwa mtoto wa miezi 6 hadi miaka 2

Ulishaji wa nyongeza ni kumpa mtoto vyakula vingine pamoja na maziwa ya mama, kuanzia anapotimiza miezi 6 hadi afikapo miaka 2 au zaidi. Kabla ya hapo maziwa ya mama yanamtosha kwa chakula na kwa maji, hata katika joto la Mombasa la mwezi wa Februari. Baada ya hapo bado anayahitaji sana, ila peke yake hayakidhi mahitaji yote, hasa ya madini ya chuma, kwa kuwa akiba aliyozaliwa nayo huwa imepungua. Si kumwachisha ziwa, na nyanya au yaya anayeshinda na mtoto anapaswa kulijua hilo sawasawa na mama.

Linaloeleweka vibaya zaidi ni uzito wa chakula chenyewe. Nyumba nyingi huanza na uji wa mchele au wa wimbi, na hapo hapana kosa; kosa ni kuufanya mwepesi mpaka unyweke kwa chupa. Tumbo la mtoto hubeba takriban mililita 30 kwa kila kilo ya mwili wake, hivyo mtoto wa kilo 8 hujaa kwa mililita 240 hivi, na ikiwa sehemu kubwa ya hizo ni maji, atakataa kijiko kinachofuata ilhali mwili wake haujapata kitu. Uji wa mtoto uwe mzito kiasi cha kubaki kwenye kijiko kikiinamishwa kidogo.

Jambo la pili ni aina za vyakula. Shirika la Afya Duniani huvigawa katika makundi 8, maziwa ya mama yakiwa mojawapo, na hupendekeza mtoto apate angalau makundi 5 kwa siku. Kwa maoni yangu, hakuna haja ya nafaka za mkebe za bei ghali ili kutimiza hilo. Chukua kiazi kitamu chenye rangi ya chungwa, ukichemshe na kukiponda. Utie kipande cha samaki aina ya changu ulichokipapasa kwa vidole hadi uhakikishe hakina hata mwiba mmoja, majani ya mchicha yaliyokatwakatwa na kupikwa, na kijiko cha tui zito la kumwongezea nguvu. Akipata bakuli hilo mchana, uji asubuhi, pojo (choroko) zilizopondwa jioni, na ziwa katikati, makundi 5 yametimia: maziwa ya mama, nafaka, jamii ya kunde, samaki, na mboga zenye vitamini A, yaani kiazi na mchicha. Kipande cha papai kando husaidia mwili kufyonza chuma kilichomo katika pojo na mchicha. Sehemu ya mtoto itolewe chunguni kabla ya chumvi na pilipili kutiwa, na maji ya mtungi yanayonunuliwa kwa mkokoteni yachemshwe kwanza.

Kuanzia miezi 6 hadi 8 milo 2 au 3 kwa siku inatosha; kuanzia miezi 9 iwe 3 au 4. Chai apewayo mtoto ili achovye hamri huzuia chuma kufyonzwa, nayo sukari yake humshibisha bure. Asali isitolewe kabla ya mwaka mmoja, kwani huweza kuwa na vijidudu ambavyo, vikiwa tumboni mwa mtoto mchanga, hutengeneza sumu ya kulegeza misuli. Karanga nzima na mabuyu humkaba.

Kula kunaendana na kujongea. Mtoto ambaye bado hajatambaa alazwe kifudifudi akiwa macho, mtu mzima akiwa karibu, kwa jumla ya dakika 30 au zaidi kwa siku. Mkeka sakafuni unatosha, hata katika chumba kimoja cha mtaa wa Majengo. Asifungwe mgongoni au kwenye kigari kwa zaidi ya saa moja mfululizo. Akishatimiza mwaka, anahitaji angalau dakika 180 kwa siku za kutembea, kupanda ngazi, kukimbilia mpira uani au mchangani ufuoni. Simu isitumike kumtuliza ili ale: anayelishwa huku akitazama picha hafuatilii shibe yake, na mlishaji naye hazioni dalili zake za kugeuza uso au kufumba mdomo. Anapofanya hivyo, mlishaji asubiri, amsemeze, ajaribu tena. Akizidi kukataa, mlo huo umekwisha, na asishikwe pua wala kulazimishwa.

Mtoto akiugua aendelee kunyonya, tena mara nyingi zaidi, na apewe chakula laini kidogo kidogo. Akipona, aongezewe mlo mmoja kila siku kwa wiki 2, na apelekwe kliniki akapimwe uzito ili ionekane kama amerudishia alichopoteza.